Vipande vya Inchi Tatu

Same,
Jumapili ya pili ya Majilio

Kwako dada yangu Koleta,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Yonas na wajomba zangu wote. Mara ya mwisho ulisema mgongo wa shemeji unamsumbua tangu mpunga ulipovunwa. Mwambie nampa pole na kwamba asibebe magunia kama kijana, ana watoto wakubwa wa kubeba. Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kuwa tunalala na tunaamka. Ernesta na watoto wanakusalimu sana. Mama anakusalimu.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo na namba yako naijua kwa kichwa. Nimejaribu simu, dada. Ulipokea, nikakuuliza habari za mpunga, ukanijibu vizuri, nikaaga, na lile nililokupigia nikabaki nalo. Ernesta ndiye aliyenishauri niandike. Alisema kwenye simu huwa napandisha sauti kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, na kwamba nikiwa na kalamu nitalazimika kwenda polepole. Nitampa konda wa basi la Morogoro aikabidhi kwa mtu wa mabasi ya Ifakara. Nakuomba uisome ukiwa peke yako.

Nianze na Mama, maana ndiye utakayemuulizia kwanza. Tangu nilipomshusha kutoka Mbaga baada ya masika, kifua chake kimetulia kidogo. Kliniki anahudhuria, dawa anameza bila ubishi, na hilo peke yake lingekuonyesha kuwa si Mama yule unayemjua. Joto la Same halimpendi. Anasema upepo wa huku unatia mchanga hadi kwenye meno na maji yana ladha ya bomba. Makande ya Ernesta anakula nusu sahani, anasema maharage ya sokoni yamekaa sana. Mchana anahamisha kigoda chake kufuata kivuli cha nyumba, na popote anapokaa hugeuka akaipa milima mgongo. Mwanzoni nilidhani anakwepa jua.

Sasa kazi yangu. Wewe uliiona mara moja tu, ulipokuja kwenye msiba wa Baba, ukaniuliza kwa nini natupa mbao nyingi kuliko ninazotumia. Sikukujibu vizuri siku ile. Nitakujibu leo, kwa sababu bila hilo hutaelewa yaliyotupata.

Kisagio cha pilipili manga ni chombo kidogo cha mezani, lakini kina tumbo. Ndani yake unapita mtambo wa chuma, kwa hiyo lazima nitoboe katikati tundu la zaidi ya inchi moja kutoka juu mpaka chini, na kule chini nilipanue zaidi ili meno ya kusagia yakae. Nje nako kuna kiuno na mabega, na vyote hivyo patasi inavichukua kwenye mbao ileile. Ukianza na kipande cha inchi mbili, ukishamaliza kutoboa na kukereza unabaki na ukuta mwembamba ambao mtu akiuminya unapasuka. Kwa hiyo kipande kiwe inchi tatu kwa tatu. Urefu, kwa kisagio cha inchi kumi, nakata kumi na mbili, kwa sababu kichwa na mwili lazima vitoke kwenye kipande kimoja ili mistari ya mbao ifuatane, na msumeno ukivitenganisha unakula, na ncha zote mbili hutupwa. Kiini cha mti kisiwemo, ndicho kinachoanza kupasuka. Na zaidi ya yote, mbao iwe imekauka. Ukikereza mbao mbichi leo, baada ya majuma machache tundu la duara limekuwa na umbo la yai na kichwa kinagoma kuzunguka. Fundi mwenye nafasi hukata vipande vinene kuliko anavyohitaji, akavipaka rangi kwenye ncha, akavihifadhi kivulini mwaka mzima na zaidi. Mimi nafasi hiyo sikuwa nayo.

Kuna mama mmoja wa Moshi anaitwa Husna, anayepeleka vyombo vya mbao kwenye hoteli za watalii. Aliona bakuli zangu kwenye maonyesho akanipa kazi ya visagio. Kundi la kwanza nililikereza kwa mbao za haraka haraka, nikajiambia zimekauka vya kutosha. Alivirudisha vyote ndani ya boksi. Hakugomba. Alivipanga juu ya meza yangu, akanionyesha nyufa kwa kidole, kisha akasema, “Fundi, mkono unao. Mbao huna.” Akaniambia atanipa nafasi nyingine, lakini anataka loliondo iliyokauka kabisa, maana ni nzito na haina harufu ya kuingia kwenye chakula. Nikishindwa, kuna fundi mwingine Arusha.

Loliondo unaijua, ni ule mzeituni wa porini ambao Baba alikuwa akiusifu. Nilikwenda kwa Jabiri, mwenye mashine ya kupasua mbao hapa mjini. Alikuwa nayo kavu, lakini ya inchi moja na ya inchi mbili, za milango na makochi. Ya inchi tatu kavu hakuna anayeiweka, alisema, kwa sababu hakuna anayeweza kuisubiri. Nikajaribu kugundisha mbao mbili kwa pamoja. Husna alipoona picha kwenye simu alisema mstari wa gundi unaonekana na mgeni wake hatanunua.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nimevurugika. Tulikuwa tukinywa chai, mimi na Ernesta na Mama, na mdogo wetu Blessing alikuwa amepita kula. Nikasema mbele yao kwamba nikikosa loliondo kavu ya inchi tatu kwa tatu, urefu kumi na mbili, iliyonyooka, isiyo na kiini, nauza mashine na kwenda Geita kwenye migodi kama wenzangu walivyofanya. Nilisema kwa hasira, dada, kama mtu anavyosema ataihama nyumba kwa sababu chumvi imezidi. Mama akauliza Geita ni mbali kiasi gani. Blessing akamwambia ni mbali kuliko Ifakara. Mama akamalizia chai yake, yakaishia hapo. Mimi kesho yake nilikuwa nimeshasahau.

Blessing unamjua. Tangu alipouza baiskeli ya Baba akasema imeibiwa, kitu chochote kikipotea kwetu macho yanamwendea yeye. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiingia na mkoba wako bafuni akiwa sebuleni. Lakini niseme ukweli, miaka hii ya karibuni alikuwa ametulia. Alipata pikipiki ya kuendesha, akawa anabeba abiria kutoka stendi ya Same kwenda njia ya Kisiwani, na kila akipanda Mbaga alikuwa akimletea Mama ndizi na maharage mapya.

Baada ya majuma kadhaa alikuja na pikapu ya kukodi. Nyuma kulikuwa na loliondo, dada, vipande ambavyo sijapata kuviona tangu nianze kazi hii. Inchi tatu kwa tatu, urefu inchi kumi na mbili, vimepigwa randa pande zote nne, vyekundu kwa ndani, mistari imenyooka kama uzi. Nilikigonga kimoja kwa kingine vikalia kama chuma. Nilimuuliza amevitoa wapi. Alisema kuna nyumba ya zamani huko Mbaga imevuliwa paa, na zile zilikuwa boriti zake. Zilikuwa za inchi nne, akasema, ila nyuso zilikuwa zimechakaa na masizi, kwa hiyo amezipeleka kwa Jabiri zikapunguzwa na kukatwa kwa kipimo changu. Nikamuuliza nyumba ni ya nani. Akasema ya mama mmoja mjane. Nikamuuliza kama mwenyewe ameridhia. “Ameridhia kaka,” akasema. “Yeye ndiye aliyenituma.” Alikuwa akitazama pembeni, na mimi nilikuwa na kipande mkononi, nikakigeuza kukitazama upande wa pili. Sikuuliza tena.

Siku nilizokereza mbao zile sitazisahau. Patasi ilikuwa ikitoa utepe mrefu usiokatika. Sikuhitaji msasa mwingi. Mama alikuwa akija kukaa mlangoni mwa karakana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sababu ya vumbi na kifua chake. Nilimkatalia, akakaa tu, amefunga khanga puani. Siku moja aliniomba kisagio kilichokamilika. Akakishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba kwenye kiuno chake. Akaniuliza kama mbao ni nzuri kweli au nasema tu. Nikamwambia, Mama, kwa mbao hizi siendi popote. Akasema, “Basi vizuri,” akanirudishia.

Husna alivichukua vyote na kuagiza vingine. Hoteli moja ilitaka virefu zaidi na nyingine vifupi vya mezani, kwa hiyo nikampa Blessing vipimo vipya, akaleta tena. Nyumbani tulikuwa na amani. Ernesta alianza kumwita Blessing shemeji fundi.

Mwezi wa kumi mvua za vuli zilipokaribia nilimwambia Mama kwamba kifua kimepata nafuu, nitampeleka juu apumue hewa ya kwake, walau kwa ajili ya Jumapili ya mavuno. Nilidhani atafurahi. Alisema magoti yanauma. Nikamwambia nitakodi gari. Akasema barabara ya Kisiwani ni mbaya. Nikamwambia imetengenezwa. Akanijibu kwa Kipare kwamba nisimsumbue, na nikaona ni uzee. Mvua zikaanza. Nikaona niende mwenyewe, nikakague kama paa linavuja, nimletee na blanketi zake nzito.

Dada, nyumba ya Baba haina paa.

Nilifika mvua imetoka kukatika. Kuta zimesimama, na juu yake hakuna kitu. Kenchi hazipo, boriti hazipo, mlango mkubwa na fremu yake havipo. Bati zilikuwa zimepangwa pembeni, moja juu ya nyingine, zimewekewa mawe zisipeperuke. Chumbani kwa Mama maji yalikuwa yamesimama sakafuni, na kitanda chake kilikuwa katikati ya maji, kimefunikwa turubai lililojaa maji. Matofali ya jikoni ni yale mabichi, unakumbuka Baba alivyosema atayapiga lipu akipata saruji. Yameanza kulainika na ukuta wa upande wa kisima umekaa chini. Nilikwenda mpaka kwenye kaburi la Baba nikashindwa kusimama pale.

Baba mdogo Eliezeri alinikuta nimekaa kwenye jiwe la kusagia. Alinisalimu kwa sauti ya msiba. Akasema wao walidhani ninajua. Blessing alikuja na mafundi wawili wakavua paa kwa utaratibu, mchana kweupe, na walipomuuliza alisema mbao ni za kazi ya kaka Sifael. Baba mdogo aliona kwamba kama ni mimi basi ni mkubwa wa nyumba na nina sababu yangu, ila alishangaa sikupita kumjulisha. Alipokuwa akisema hayo mimi nilikuwa nikikumbuka kila kipande nilichokishika. Kimoja kilikuwa na tundu la msumari. Nilikuwa nimelikwepa kwa ustadi, likabaki kwenye sehemu ya kutupwa.

Nilishuka Same na hasira ambayo sikujua kuwa ninayo. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja stendi, nikamkuta Blessing amekaa juu ya pikipiki yake akizungumza na wenzake. Nilimpiga kofi mbele yao. Nilimwita mwizi. Nilisema aliuza baiskeli ya Baba akiwa hai, na sasa ameuza nyumba yake akiwa kaburini, na kwamba aliyebaki kuuzwa ni Mama. Watu walikusanyika. Hakunirudishia. Alishika shavu lake akasema taratibu, “Kaka, kamuulize Mama.”

Nikamwambia asiliweke jina la Mama mdomoni mwake. Nikamwambia asikanyage kwangu mpaka siku atakaporudisha lile paa.

“Sawa kaka,” akasema. Alishuka kwenye pikipiki, akampa mwenzake funguo na kofia ya abiria, akaondoka kwa miguu.

Mama sikumwambia. Daktari alisema asipewe habari za kumshtua, na mimi niliamini kabisa kwamba habari hii itamuua. Nikamwonya Ernesta na watoto. Mama alipouliza paa limeonekanaje nikamwambia liko salama. Alinitazama kidogo, akasema, “Haya.” Alipomuuliza Blessing nikamwambia amepata tenda ya kubeba mizigo Kisiwani, amehamia huko kwa muda. Akasema, “Haya,” tena. Kila asubuhi nilikuwa nikimwongopea, na kila nikitoka mbele yake nilikuwa nikimlaani Blessing kwa kunifanya niwe mwongo kwa mzazi wangu.

Hali hiyo iliendelea mpaka wiki iliyopita. Mwenzake Blessing, yule aliyepewa kofia, alileta funguo za pikipiki nyumbani akasema mwenye pikipiki amezikataa kwa sababu mdhamini ni mimi. Mama ndiye aliyekuwa barazani. Kijana wa watu akampa pole, akamwambia stendi nzima ilisikitika kwa kofi lile. Mama alipokea funguo, akamshukuru. Nilipotoka karakana aliniita ndani, akamwambia Ernesta atuache, akaanza kusema kwa Kipare, ambacho Ernesta hakielewi vizuri.

Nitakuandikia alivyosema, dada, kadiri ninavyokumbuka.

Alisema, “Mbao nilimpa mimi.”

Nilimwambia Mama, usimkingie kifua. Akaniambia ninyamaze. Alisema siku ile ya chai, usiku wake hakulala. Asubuhi alimwita Blessing kando akamwambia avue paa, achukue boriti na kenchi na mlango, akazikate kama nilivyosema. Alikuwa ameshika vipimo vyangu kuliko ninavyovishika mimi. Tatu kwa tatu, iliyonyooka, isiyo na kiini. Blessing alikataa. Alikataa zaidi ya mara moja, akalia. Mama akamwambia kama ananipenda mimi na kama anampenda yeye atafanya, na akamwapisha asiniambie, kwa sababu nikijua nitakataa na nikikataa nitaondoka.

Nikamuuliza kwa nini, Mama. Ile ni nyumba yako.

Akasema, “Baba yenu aliijenga ili watu wakae ndani. Koleta yuko Ifakara, ana kwake. Wewe hutarudi kule, usiniongopee, ukija unalala siku moja na unatazama saa. Blessing anaishi juu ya pikipiki. Nilikuwa nimebaki mimi na popo. Nikasema ni afadhali mbao zimshike mtoto mmoja karibu, kuliko zinifunike mimi peke yangu.”

Nilipiga magoti, dada. Nikamuuliza atakwenda kukaa wapi akitaka kurudi, maana kila siku alikuwa akisema atarudi akapumzike kwake. Akasema anakokwenda kupumzika ni pembeni ya Baba, na pale hapahitaji paa. Kisha akaniuliza yuko wapi mtoto wake.

Hapo ndipo nilipomwona Blessing kama alivyokuwa siku ile stendi. Alikuwa na neno moja la kunifunga mdomo mbele ya wale wote. Angeweza kusema mbao ni zako kaka, umezikereza wewe, umezisifu wewe. Aliniambia tu nikamuulize Mama, na hata hilo nilimkataza.

Nimemtafuta. Simu yake haipatikani. Nilikwenda Kisiwani, nikateremka mpaka Bendera kwa sababu mtu mmoja alisema amemwona kwenye mashamba. Hakuwa yeye. Stendi wanasema alionekana akipanda basi la Morogoro na begi dogo. Kutoka Morogoro sijui mtu anakwenda wapi kama si kwako.

Nilipanda pia Mbaga nikiwa na wazo la kurudisha paa. Nina vipande vilivyobaki karakana, rundo zima, loliondo safi. Nilisimama pale na baba mdogo nikiwa na kimoja mfukoni, nikacheka mwenyewe mpaka akaogopa. Ni vya inchi kumi na mbili, vingine zaidi kidogo, dada. Vinafaa visagio tu. Ili nipate boriti mpya lazima ninunue, na ili ninunue lazima nikereze hivyo vilivyobaki, na Husna amepiga simu jana kuuliza vitakuwa tayari lini. Nimeanza kuvikereza. Mama bado anakuja mlangoni na khanga yake puani. Simtazami, nakereza tu.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia hata Ernesta. Nina hasira na Mama. Najua ni dhambi kuandika hivi katika siku za Majilio. Amenipa kitu ambacho sikukiomba, na amenipa kwa namna ambayo siwezi kukirudisha wala kukikataa. Mimi Geita nisingekwenda. Angeniuliza tu, ningemwambia. Sasa nimefungwa hapa na nyumba ya Baba mezani kwa watu nisiowajua, wanasagia pilipili, na mdogo wangu hayupo, na siwezi kumlaumu mtu yeyote kwa sababu kila mmoja alifanya kwa kunipenda. Kuna siku najiambia ni heri ingekuwa Blessing ameiba kweli.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya niandike. Mama aliponiuliza yuko wapi mtoto wake, nilishindwa kumwambia sijui. Nilimwambia yuko kwako. Nilisema alinipigia kutoka Ifakara, kwamba shemeji amempa kazi shambani, kwamba ni mzima na hana kinyongo. Mama alilia kwa furaha, akala sahani nzima siku hiyo. Tangu hapo ananiomba nimpigie azungumze naye. Nimemwambia mtandao wa huko shambani ni mbaya. Nimemwambia simu yako imeharibika. Jumamosi inayokuja Ernesta atamsaidia kupiga kwa simu yake mwenyewe, na sina namna ya kuzuia.

Kama Blessing yuko kwako, basi Mungu amenionea huruma kuliko ninavyostahili. Mwambie nilimkosea mbele ya watu na nitamwomba radhi mbele ya watu walewale. Kama hataki kusikia jina langu usimlazimishe, mpe tu simu azungumze na Mama.

Kama hayupo, Mama atapiga, na wewe ndiye utakayepokea. Sikwambii useme nini. Nimeshajaribu mara nyingi kukuandikia maneno ya kumwambia na kila nilichoandika nimekifuta. Wewe ndiye mkubwa wetu, na wewe uko mbali, labda kutokea huko utaona neno ambalo mimi silioni.

Nisalimie shemeji Yonas na mgongo wake, na wajomba zangu mmoja mmoja kwa jina. Ernesta anasema akipata mtu wa kuja huko atakutumia maharage. Mungu akulinde, na barua hii ikufikie kabla ya simu.

Ni mimi mdogo wako,

Sifael